Anaendelea Vizuri kwa Kiingereza

Neno lenyewe ni fupi. Waingereza wanaliandika keep. Sisi darasani tulikuwa tunalitamka kipu, na mwalimu alituchoka akaacha kuturekebisha. Nililijua nikiwa na miaka arobaini na kitu, kwenye darasa la jioni la watu wazima kule Mkuyuni, nimejibana kwenye dawati la watoto wa shule ya msingi, magoti yanagonga ubao. Kumbe nilikuwa nalo mdomoni tangu niko mdogo.

Nianze na sababu ya kwenda darasani, maana wenzangu wa jumuiya walidhani natafuta cheo parokiani.

Mume wangu alianza kujaa tumbo. Alikuwa mtu wa Ukerewe, amekulia majini. Kuoga ziwani, kuvuta nyavu ziwani, michezo yote ziwani. Ukubwani akaja mjini akawa mbebaji wa magunia ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Kichocho kilimwingia akiwa mtoto kikakaa kwenye ini miaka yote hiyo bila kusema kitu, mpaka asubuhi moja akatapika damu kwenye beseni la kufulia. Hospitali wakamtoa maji tumboni, wakaturuhusu. Maji yakajaa tena, tukarudi. Tukawa watu wa kwenda na kurudi.

Wodini madaktari wanapita asubuhi kitanda kwa kitanda. Wanaongea Kiingereza wao kwa wao, mgonjwa yuko katikati yao, halafu mmoja anainama anasema Kiswahili kidogo: "Mzee, tunaendelea na dawa, sawa eh?" Yale marefu yote yanakuwa yameshapita juu ya vichwa vyetu. Siwalaumu, ndivyo walivyosomeshwa. Lakini siku moja walipohamia kitanda kingine mume wangu akanishika mkono.

"Mama watoto, wewe una kichwa cha shule."

"Cha darasa la saba."

"Kinatosha. Jifunze hicho Kiingereza chao. Siku ukisikia wamenikatia tamaa usinifiche. Nipeleke kwa mama."

Nikamwambia aache maneno hayo. Akaendelea kunishika.

"Mama ameshaletewa masanduku mawili," akasema.

Nilikuwa nayajua. Kaka yake mmoja ziwa lilimchukua, mwingine alifia migodini Geita. Wote wawili mama yao aliwapokea wamepigiliwa misumari, akaambiwa asifungue.

"La tatu sitaki. Mimi nataka nifike nikiwa na mdomo. Niongee naye mwenyewe, anisikie, anijibu. Umenielewa?"

Nikamwahidi. Rozari ilikuwa mkononi, kwa hiyo niliona kama nimeahidi sehemu mbili. Wiki iliyofuata nilikwenda Mkuyuni kujiandikisha.

Mwalimu wetu alikuwa kijana ambaye ningeweza kumzaa. Tulimwita Ticha, naye akatuita mama na baba, hata alipokuwa anatugombeza. Jioni ya lile neno aliliandika ubaoni akauliza nani kati yetu anafuga kuku. Nikanyoosha mkono. Nina banda la kuku wa mayai nyuma ya nyumba, ndilo lililokuwa linatulisha tangu mzee aache magunia.

"Mama keeps chickens," akasema Ticha. "Kwa hiyo keep ni nini?"

"Kufuga!" darasa zima.

"Haya. Keep quiet."

"Fuga kimya!" akapiga kelele mwenzetu mmoja wa bodaboda, tukacheka mpaka mlinzi akachungulia dirishani.

Ticha akatuambia hapo ni kukaa. Kaa kimya. Halafu akaja na ufunguo: keep the key, tunza ufunguo. Akaja na ahadi: keep a promise, timiza ahadi. Akanigeukia mimi maana anajua nasali, akasema hata amri za Mungu kwa Kiingereza ni neno hilo hilo, kuzishika. Halafu keep walking, endelea kutembea.

"Ticha," akasema yule wa bodaboda, "hili neno halina kazi maalumu? Ni kama vijana wa kijiweni kwetu. Leo anapakia mchanga, kesho anauza vocha, keshokutwa ni dalali."

"Na wewe unalizunguka kila siku na pikipiki yako. Pale mjini kwenye sanamu ya samaki panaitwaje?"

"Kiplefti."

"Sema polepole."

"Kip. Left." Akashika kichwa. "Ee! Yaani miaka yote hii naongea Kiingereza na hakuna mtu ameniambia?"

"Unaongea ila hufuati," akamjibu mama mmoja anayeuza nyanya. "Mimi umenipitisha kulia wiki iliyopita, nusura tuingie chini ya lori."

Tulipotulia Ticha akauliza neno jingine tunalolitumia lenye keep ndani yake. Akafanya kama anadaka mpira.

Kipa.

Mimi sikucheka hapo. Nilikwenda mbali. Mume wangu alikuwa kipa wa timu ya wabebaji, wanacheza kwenye kiwanja cha vumbi nje ya ule uwanja mkubwa wa Kirumba. Nilimjua kwa sauti kabla sijamjua kwa sura. Mpira wa kona ukija juu alikuwa anatoka golini anapiga ukelele mmoja: "Wangu!" Mabeki wote wanakaa pembeni. Hakuna aliyebishana na ile sauti. Mimi nilikuwa naenda kanisani kufanya mazoezi ya kwaya, naisikia kutoka barabarani, mpaka siku moja nikasimama kuangalia ni mtu gani huyo anayedai kila kitu ni chake.

Kesho yake nikampelekea habari wodini. "Kumbe wewe ni keeper, kwa Kiingereza."

"Ndio kufanya nini?"

"Kufuga. Na kutunza. Na kushika."

"Sasa mimi nilikuwa nafuga nini?"

"Goli."

Alicheka huku amelishika tumbo kwa mikono miwili, maana kucheka kulikuwa kunamuuma.

Katika maana zote hizo mimi niliishika moja zaidi, ile ya kuendelea. Hospitali kuna neno gani jingine? Watu wanakutana kwenye ngazi wanaulizana, mgonjwa anaendeleaje? Anaendelea vizuri. Ukisikia hivyo unamshukuru Mungu unapanda ngazi.

Kisha ikaja asubuhi yenyewe. Daktari mkubwa, mama wa makamo yangu, alisimama miguuni pa kitanda akaongea kwa muda mrefu kuliko siku zote. Wenzake waliinamisha vichwa. Mimi nilisimama karibu na dirisha nimetega masikio mpaka shingo ikauma. Mengi yalinipita. Mwishoni kabisa nikasikia maneno matatu, moja moja, kama Ticha alivyokuwa anayasoma ubaoni: keep him comfortable.

Keep, endelea. Him, yeye. Comfortable tulishaipata kwenye somo la nyumbani, viti na vitanda: vizuri, kwa raha, bila taabu.

Anaendelea vizuri.

Nilihisi miguu imekuwa myepesi. Wakati wote nilikuwa nimekwenda pale nikisubiri kusikia kitu kibaya, na sasa nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe, bila kutafsiriwa na mtu, kitu kizuri. Walipoondoka nikamwinamia.

"Baba, wamesema unaendelea vizuri."

Aliniangalia. Macho yake yalikuwa yamekuwa ya njano muda mrefu. "Wamesema hivyo?"

"Kwa Kiingereza. Nimewasikia."

Akajivutia shuka kifuani. Halafu akasema, "Basi nimepona kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili bado," tukacheka wote.

Nilishuka chini nikampigia jirani wa mama mkwe kule kisiwani, maana mama mkwe hana simu na Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi. Nikamwambia jirani, mwambie Mama kijana wake anaendelea vizuri. Nikasubiri simu iko wazi. Nikasikia jirani anamwambia kwa Kikerewe, halafu nikasikia vigelegele vya bibi mzee, vimekatika katikati kwa kukosa pumzi, vikaanza tena.

Wiki hiyo sikwenda darasani. Nilimwachia binti yetu kuku, nikashinda kwa mume wangu. Nilimwogesha huku naimba. Siku za mwanzo alikuwa anaongea sana, habari za mihogo ya mama yake, habari za mtumbwi uliooza. Kisha akaanza kulala mchana. Akiamka anachanganya maneno, anaomba dirisha akitaka kijiko. Mimi nikasema moyoni, anapumzika, si ndio comfortable yenyewe.

Jumatatu nikarudi Mkuyuni. Ticha alikuwa anarudia lile somo, akaomba sentensi kutoka kwa mtu ambaye hajasema kitu. Nikasimama. Nilikuwa sijawahi kusimama bila kuitwa.

"Mimi ninayo niliyoisikia hospitali, kwa daktari kabisa. Keep him comfortable."

Wakapiga makofi. Yule wa bodaboda akasimama. "Mama huyo! Ticha, mama ameshatupita, huyu tumpe shati jeupe la daktari!" Mama wa nyanya akanipigapiga mgongoni. Nilikuwa natabasamu, nakumbuka nilivyokuwa natabasamu.

Ticha alikuwa ameshika chaki. Hakupiga makofi. Aliwaambia wenzangu waandike sentensi tano, akaniomba nitoke naye nje. Tulisimama kwenye baraza karibu na simtanki la maji, bomba linadondosha.

"Mama, hayo maneno daktari alimwambia nani?"

"Mwenzake. Juu ya mzee wangu."

"Na wewe umeyaelewaje?"

Nikamwambia. Alijifuta chaki kwenye suruali, mkono huu, halafu mkono ule.

"Mama, mimi sio daktari. Naweza kukosea."

"Sema, Ticha."

"Wakisema hivyo, mara nyingi... wameacha kutibu ugonjwa. Wanamtuliza tu. Asisikie maumivu, alale vizuri. Mpaka..."

"Lakini keep ni endelea. Wewe umetufundisha."

"Ni endelea, mama. Muendelee kumtuliza."

Ndani walikuwa wanacheka kitu. Nilimshukuru Ticha nikarudi kuchukua mkoba wangu, mama wa nyanya akaniuliza, umepewa zawadi? Nikasema ndiyo.

Asubuhi nilimsubiri daktari mlangoni mwa wodi, nikamuuliza kwa Kiswahili, maana sasa Kiingereza nilikuwa nakiogopa. Akanipeleka pembeni. "Mama, nilidhani mmeshaelezwa," akasema, na niliona kwamba kweli alidhani hivyo. Akanieleza yote. Ini limekwisha. Kuchanganya maneno ni sumu inapanda kichwani. Kama tunataka kwenda nyumbani tuende sasa, atatupa dawa ya maji ya maumivu. Aliniwekea mkono begani, na simu yake ikaita, akaiacha iite.

Nilienda kanisani kwanza. Sikuweza kusali kwa maneno. Nilikaa kwenye benchi la nyuma nikishika shanga bila kuzihesabu, halafu nikainuka nikaenda kumwambia mwenye ahadi yake.

Siku hiyo Mungu alimpa akili nzuri. Alikuwa macho, anajua yuko wapi. Nikamwambia nilikosea maana ya neno. Nikamwambia neno lenyewe na maana yake.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua kwa nani?"

"Wameacha kunitoboa. Kila asubuhi walikuwa wanachukua damu. Tangu ile siku hawajachukua. Mtu anayeendelea vizuri hawamuachi hivyo, wanataka kuona ameendelea kiasi gani."

"Sasa kwa nini ulinyamaza? Nilikuahidi mimi! Tungekuwa tumeshafika kwa Mama."

Maneno yalikuwa yanamponyoka.

"Ulikuwa umefurahi," akasema. "Tangu hili tumbo lianze sijakuona umefurahi. Nikasema akae nayo kidogo."

Nimelibeba jibu hilo mpaka leo na sijui niliweke wapi. Alikuwa na siku chache za mdomo, alizokuwa amemwekea mama yake, akanipa mimi. Mimi nikazitumia kuimba.

Padri alikuja kumpa mpako wa wagonjwa. Kesho yake wabebaji wenzake wa Mwaloni walikuja na kitanda cha kamba, wakamshusha kutoka kwenye gari pale bandarini wakampandisha begani kwenye meli ya Nansio, Ukerewe, kama walivyozoea kubeba magunia, wakipishana pumzi.

"Kipa, leo umebebwa wewe," akasema mmoja. "Miaka yote ulikuwa unatupangia zamu."

"Tena mwepesi kuliko gunia la dagaa wakavu," akasema mwingine, halafu akageuka kuangalia maji ili asionekane uso.

Mume wangu alifungua macho akasema kitu ambacho hatukukielewa. Njiani majini hakusema tena. Nilikaa chini pembeni yake, nikawa nampa dawa kwa kijiko. Mapema nilikuwa nimempigia tena jirani. Nilimwambia, mwambie Mama nilikosea, hali ni mbaya, tunamleta. Safari hii sikusubiri kusikia nyuma ya simu.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, kanga imefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda shamba. Nikapiga magoti. "Shikamoo, Mama."

"Malahaba," akasema, lakini alikuwa hanioni. Majirani waliompokea kwa wabebaji pale Nansio walimlaza mwanawe kwenye mkeka ndani. Bibi akaketi, akakipakata kichwa chake kwenye mapaja yake, akaanza kuongea naye Kikerewe polepole. Alikuwa anamuuliza maswali, nilisikia kwa namna sauti ilivyokuwa inapanda mwishoni. Anauliza, anasubiri. Anauliza, anasubiri. Nyumba nzima tulikuwa tunasubiri. Mimi nilikuwa nasali kitu kimoja tu, Bwana mpe mdomo, Bwana mpe mdomo.

Akafungua macho. Uso wa mama yake ulikuwa juu yake, karibu sana, na nyuma yake mwanga wa dirishani. Aliinua mikono yote miwili, vidole vimefunguka, vile vile nilivyomuona siku niliyosimama barabarani. Akasema kwa sauti kubwa, sauti ambayo sikuwa nimeisikia miaka mingi:

"Wangu!"

Mikono ikafika kwenye uso wa bibi, ikashika.

Bibi akalia. Aliwageukia majirani waliojaa mlangoni akawaambia, jirani wa simu akanitafsiria ingawa nilikuwa nimeshaelewa: "Mmemsikia? Anasema mimi ni wake." Neno hilo la Kiswahili halitofautiani sana na la kwao. Hakuhitaji mtu wa kumfundisha.

Mume wangu hakusema neno jingine. Aliishi mpaka Jumapili. Siku hizo nilimwangalia mama mkwe akifanya kazi, mwanamke ambaye hajui hata herufi moja ya Kiingereza. Kumlowesha midomo kwa kitambaa. Kumgeuza kabla ubavu haujauma. Kumfukuzia nzi kwa tawi, mchana kutwa, bila kubadilisha mkono. Kumkunjia kanga chini ya visigino. Kumwambia habari za shamba kana kwamba atajibu. Nikajua hilo ndilo lile neno la daktari. Kiswahili cha neno hilo sijakipata mpaka leo, na Ticha naye nilimuuliza, hakuwa nacho.

Tulimzika kisiwani, karibu na ndugu zake wawili. Sanduku bibi aliliona likipigiliwa misumari mbele yake, alikuwa ameshamuosha uso.

Nilirudi mjini kwa kuku wangu na darasani pia nilirudi. Wengi walishangaa. Lakini nilikuwa nimeanza kitu, na nina watoto, na siku nyingine kutakuwa na kitanda kingine na madaktari wengine wamesimama miguuni. Siku hizi hata nikisikia neno ninalolijua, bado nainua mkono namuuliza daktari kwa Kiswahili. Wengine wanakunja uso. Wanajibu.

Mama mkwe sasa tumemnunulia simu. Ananipigia Jumapili baada ya misa, Kiswahili chake kimeongezeka kidogo kwa ajili ya kuongea na mimi. Anauliza watoto, anauliza kuku, halafu anafika pale anapofikaga.

"Mwanangu. Ile siku. Alisema nini?"

Wabebaji wa Mwaloni wangejua lile neno lilitoka wapi, lakini wao walirudi na meli ile ile, hawakuwepo ndani. Mimi ndiye niliyekuwepo. Pengine aliona mpira unashuka na mwanga nyuma yake. Pengine alimuona mama yake. Namuomba Mungu kila siku iwe ni mama yake.

"Alisema wangu, Mama."

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, Mama. Kwa sauti kubwa."